Mgomba Uliozikwa Kingi

Kitabu kile sikukipenda tangu siku kilipofika nyumbani kwetu, na hata leo sikipendi. Lakini siwezi kusimulia habari za wifi yangu Adelaïde bila kukitaja, kwa hiyo nitakitaja, na msomaji anisamehe nikikitukana njiani.

Kilitoka Walikale. Kaka yangu Byamungu, mume wa Adelaïde, alikuwa huko akichimba mawe ya kaseriti, yale yanayotoa bati, kama wanaume wengi wa kwetu Masisi, mashariki ya Kongo, walioona kwamba shamba la mlimani halitoshi. Wengine wakifika Walikale huwatumia wake zao vitenge. Byamungu alimtumia mke wake vitabu. Kulikuwa na mtu aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia pale senta, na kaka yangu, ambaye mwenyewe alisoma kwa kufuata mstari na kidole, alichagua kila mara kile kilicho kinene zaidi. Kwake unene ndio uliokuwa uzuri wa kitabu. Adelaïde alimaliza sekondari, akafundisha Kifaransa kidogo kabla hajaolewa na kumzaa Gentille, na mpaka leo ndiye mwanamke pekee hapa kijijini Kingi anayekwenda kulima na kitabu kikapuni, chini ya mihogo.

Hicho cha mwisho kililetwa na dereva wa pikipiki kabla vita havijafunga barabara. Ni riwaya ya zamani ya Kizungu, jalada limechubuka, na juu yake kuna picha ya nyumba ya mawe na mwezi. Habari yake ni hivi: tajiri mmoja wa nchi ya baridi anakufa na kuzikwa, lakini haozi. Giza likiingia anatoka kaburini, anakwenda dirishani kwa mke wake, na maisha yake yanategemea kunyonya damu ya walio hai. Ndiyo habari yenyewe, na kuna watu waliokaa wakaichapa kwa mashine.

Adelaïde alikuwa akitusimulia kipande kwa kipande tukipalilia maharage. Sisi tulijifanya hatusikilizi, huku majembe yetu yote yamesimama.

"Sasa ile bwana," mama yangu aliuliza siku moja, "alikuwa na nyumba ya mawe, na ngombe, na bantu ya kumutumikia, na anatoka mu kaburi juu ya damu? Juu ya nini haombe maharage?"

"Mama, muntu alikufa hakule maharage," Adelaïde akamjibu.

"Damu bila chumvi! Bazungu nabo!"

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama kutuangalia. Adelaïde alicheka kuliko sote, maana ndiye aliyeujua uzito wa kitabu na ndiye aliyejua nani amekinunua. Alisema Byamungu akirudi atamlazimisha kukisoma chote kwa sauti, kidole kwa kidole, kama adhabu.

Alikuwa amefika katikati ya kitabu siku Honoré alipoingia uani kwa miguu. Honoré ni jirani yetu, na huko Walikale alichimba katika shimo moja na kaka yangu. Alikaa kwenye kiti, akaomba maji, akaletewa, hakuyanywa. Kisha akasema. Mvua kubwa ilinyesha, shimo likaanguka, waliokuwa ndani wakabaki ndani. Wenzao walichimba mpaka maji ya chini yakawashinda. Halafu risasi zikaanza kulia upande wa pili wa mlima, kila mtu akakimbia kivyake, yeye akashika njia ya kwao.

Mama alianguka. Mimi nilipiga kelele ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Adelaïde peke yake alibaki amesimama mbele ya Honoré.

"Ulimuona akiingia mu shimo?"

"Mama Gentille, mi nilikuwa nimeenda kutafuta chakula. Benzake njo balisema aliingia."

"Sikuulize benzake. Nakuuliza weye. Ulimuona?"

Honoré aliangalia chini. "Hapana. Sikumuona."

Neno hilo Adelaïde alilishika na hakuliachia. Ukimwambia Byamungu amekufa, anakuuliza nani alimwona akiingia. Ukimwambia basi angekuwa amekwisha kutuma habari, anakuambia barabara imefungwa, watu wamekimbilia msituni, wengine wamefika hadi Kisangani. Na ubaya ni kwamba hakuwa anasema uongo. Kweli kuna watu waliotokea hivyo, wamekonda, wana ndevu, baada ya kuliliwa.

Lakini kwetu mtu hazikwi kwa maneno. Lazima kitu kiingie ardhini. Mwili ukikosekana, mtu akichukuliwa na mto au akipotea vitani, ukoo hukata shina la mgomba uliokwisha kuzaa, huliviringisha katika nguo ya marehemu na kulizika kwa sala kama mtu. Katekista huja na kusali huku akiangalia pembeni. Bila hivyo kilio hakiondolewi. Watu hawatawanyiki, mjane hatii mkono kwenye mbegu, mama wa marehemu halali kitandani. Na msimu wa kupanda ulikuwa umefika, mvua inanyesha juu ya shamba tupu.

"Munataka nizike ndizi?" Adelaïde aliwauliza wazee wa ukoo, tena kwa sauti ambayo mwanamke wetu hatumii mbele ya wakwe. "Byamungu akirudi, akute nimemufukia, nitamuambia nini?"

Wazee walikasirika, wakasema kusoma kumemharibu. Hakuwajali. Aliyemweza ni mama. Alikwenda kwake akitembea kwa fimbo, akaketi chini kwenye udongo.

"Mi njo nilimuzaa," mama akasema. "Unazani mi sitaki arudie? Nimechoka kulala chini, mwanangu. Niache nimulie, bantu bamalize kunipa pole, nikufe salama."

Adelaïde akakubali. Alikubali kwa ajili ya mama, si kwa sababu aliamini, na sote tuliliona hilo.

Mdogo wetu wa mwisho, Straton, ndiye aliyetumwa kuleta shina. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, nami nikiyakumbuka bado mkono unaniwasha. Straton ana moyo mkubwa na akili inayochelewa nyuma yake. Alifika shambani, akauangalia mgomba mzee uliokwisha kuzaa, jinsi ulivyokatika na kuchakaa, akaona aibu. Akachagua mgomba mchanga, mzuri, uliosimama wima, na badala ya kuukata juu ya ardhi kama inavyotakiwa akauchimba mzima, na mizizi yake yote. Akauviringisha mwenyewe katika shati na blanketi la Byamungu, akaufunga kamba. Sisi tuliona kifurushi tu. Waliokibeba walilalamika kwamba ni kizito, mama akasema ndivyo inavyofaa, mwanawe hakuwa mtu mwepesi.

Tukamzika. Adelaïde hakulia, na wasemao walisema. Kesho yake alichukua jembe akaenda kupanda maharage.

Mvua ilikuwa nzuri msimu ule. Maharage yalipoanza kutambaa, Gentille, binti yake, mtoto wake pekee, aliyekuwa darasa la tatu, aliingia jikoni mbio akitweta.

"Mama! Papa iko na majani!"

Tulikwenda wote. Katikati ya kaburi, udongo ulikuwa umepasuka, na chipukizi la mgomba limesimama hapo, kijani, limejikunja, limekwenda juu kiasi cha kiganja. Mama alipiga magoti. Maneno yakamtoka Straton bila kuulizwa.

"Kaka yangu, mi sikutaka kumuzika nusu," akasema. "Nilisema azikwe muzima."

Nilimpiga kofi. Mwanaume mwenye ndevu, mbele ya watu, nilimpiga kofi, kisha nikamkumbatia tukalia pamoja, kwa sababu kwa kweli hata mimi ningependa kaka yangu azikwe mzima.

Sasa, maelezo yalikuwa wazi. Mgomba wenye mizizi ukiufukia wakati wa mvua, unaota. Hata mtoto wa Kingi anajua. Lakini nani alitaka maelezo? Jioni ile mlima mzima ulikuwa umeshaamua kwamba Byamungu yuko hai. Wale wale wazee waliomfokea Adelaïde walikuja kumpongeza, wakasema mwanamke huyu aliona mbali. Wengine walinong'ona habari za bazimu, mizimu ya waliozikwa vibaya, wakazunguka njia nyingine wasipite karibu na kaburi. Mimi niliwasikiliza wote na nikawachukia wote, huku moyo wangu mwenyewe ukidunda kwa tumaini kama mjinga.

Adelaïde alibadilika. Alijenga uzio wa miti kuzunguka kaburi ili mbuzi wasifike. Akarudi kusuka nywele. Akakitoa tena kile kitabu alichokiacha katikati, na kila alipopumzika kulima alikaa karibu na mgomba akisoma. Chipukizi likawa mgomba wa kufika gotini, kisha kiunoni. Wifi yangu akawa anaimba.

Aliyekuwa anaisha ni mtoto.

Gentille alikuwa haendi tena kucheza. Akitoka shuleni anakwenda moja kwa moja kwenye uzio, anamwamkia baba yake, anamweleza alichofundishwa. Akipewa sahani ya maharage, anakula kijiko kimoja au viwili, kilichobaki anakimwaga taratibu kwenye shina. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu wa mtu mzima: "Huko chini hakuna chakula, shangazi. Akishiba njo atapata nguvu ya kutoka." Mashavu yalimwisha. Mwalimu alituma neno kwamba anasinzia darasani. Nilimwambia mama yake, akanijibu kwamba watoto wote hukonda wakirefuka. Nikamwambia aweke kitabu chini amwangalie mtoto wake. Akasema nina wivu. Hatukusemezana mpaka maharage yakakauka.

Alimaliza kitabu siku tulipokuwa tunapura maharage, mchana, jua kali. Sisi tulikuwa tunapiga kwa fimbo, yeye amekaa juu ya gunia pembeni na kurasa za mwisho. Aliposoma neno la mwisho hakufunga. Alibaki ameshika kitabu wazi magotini, anaangalia mbele.

Mama ndiye aliyeuliza, maana uzee hauna subira. "Sasa ilimalizikaje? Balimukamata?"

"Balimukamata," Adelaïde akasema.

Alitusimulia bila kutia chumvi, si kama zamani alipokuwa anaigiza sauti. Yule mjane wa kwenye kitabu ana mtoto wa kiume, na mtoto anazidi kupauka. Wanamleta daktari, wanamleta padre, hakuna dawa. Mwishowe wanamwambia mama kwamba mumewe hatatulia mpaka kaburi lifunguliwe mchana na mti uliochongwa upigiliwe kifuani mwake. Watumishi wanakataa. Padre anashindwa. Basi anakwenda mwenyewe.

"Na akafanya?" nikauliza. Nilisahau kwamba hatusemezani.

"Alifanya."

Tukaendelea kupura kidogo. Kisha akaanza kusema, hakuwa anamwambia mtu fulani, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Huyu muntu aliandika hii kitabu, anajua kuandika. Lakini yeye hajangojaka muntu ata siku moja. Mu kitabu yote bantu banaogopa tu muntu asirudie. Mwanamuke anasikia bwana wake ku dirisha, anajificha, analia, anaita padre. Juu ya nini analia? Alirudishiwa bwana!" Akanigeukia. "Mi ningemufungulia, dada Myriam. Ata kama iko na udongo mu kinywa. Akitaka damu, akunywe. Akunywe yote, iko yake."

Wenzangu walishika fimbo zao wakaangalia chini. Mimi nilitaka kumkumbatia, nikaendelea kupura. Na ndipo Gentille akapita mbele yetu, ametoka jikoni na sahani yake ameishika kwa mikono miwili, anakwenda kwenye uzio. Kamba ya sketi yake ilikuwa imezungushwa kiunoni mara mbili ili isianguke. Adelaïde alimfuata kwa macho. Alimwona akipiga magoti, akimwaga maharage polepole, akipangusa sahani na kiganja ili lisibaki hata moja.

Nilikuwa namwangalia wifi yangu usoni wakati ule. Sitaki tena kuona uso wa mtu ukifanya vile.

Akafunga kitabu.

Kesho yake asubuhi alimwomba Straton aukate mgomba. Straton alisema hawezi kumkata kaka yake, akaondoka akakaa porini siku nzima. Aliwaomba majirani, nao wakasema si wa ukoo. Mama alijifungia ndani akaimba nyimbo za kilio kwa sauti ya chini. Mimi niliombwa pia. Nilisema mgongo unaniuma, na kweli uliniuma, lakini sababu haikuwa hiyo.

Mtoto alipokwenda shuleni, Adelaïde alifungua uzio akaukata kwa panga, pigo moja. Maji ya mgomba yalimrukia kifuani na mikononi. Kila mtu anajua maji yale yakikauka kwenye nguo yanakuwa doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Hakujipangusa. Alibeba majani akayatupa mbali, akarudi kupura maharage pamoja nasi. Alidhani amemaliza. Mwanamke aliyezaliwa katikati ya migomba alidhani amemaliza.

Mgomba ukiukata asubuhi, kiini chake kinasukuma juu kabla ya jioni. Gentille aliporudi kutoka shuleni alikuta kisiki, na katikati yake, kijani kibichi, kidole kimechomoza. Tulitegemea kilio. Badala yake tulisikia makofi na kicheko.

"Balimukata na hajakufa! Mama, kuja uone! Hajakufa!"

Alikuwa anarukaruka. Miguu yake myembamba ile, anarukaruka. Heri angelia.

Adelaïde alichukua jembe. Hakwenda haraka. Alimsogeza mtoto pembeni kwa mkono, akaanza kuchimba kaburi la mumewe mchana kweupe, mbele ya mama mkwe aliyetoka nje, mbele ya mlima wote. Gentille alielewa katika pigo la pili. Alimrukia mama yake, akamng'ang'ania kiuno, akampiga ngumi, akamng'ata mkono. Adelaïde alichimba naye akiwa amemning'inia. Alifika kwenye blanketi lililooza, akafika kwenye shati. Mizizi ilikuwa imepita ndani ya mikono ya shati, ikatokea kwenye vifungo, hivi kwamba alipovuta kisiki shati nalo liliinuka mabega wazi. Mtoto alipoliona alipiga ukelele.

"Unamuua! Weye njo unamuua Papa!"

Adelaïde alisimama. Alikuwa na udongo hadi viwikoni na uso wote umelowa. Nilingoja aseme ni mgomba, ni mgomba tu, mwanangu, baba yako alikufa Walikale. Ndivyo mimi ningesema. Alimwangalia mtoto wake akasema:

"Ndiyo. Njo mi."

Kisha akalipasua shati, akatoa kisiki, akakikatakata vipande juu ya jiwe na kuviacha juani vikauke. Akafukia shimo, likiwa tupu. Akakaa kando yake akalia kilio ambacho tulikuwa tumekingoja tangu Honoré aingie uani, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumsogelea.

Gentille analala kwangu sasa. Alikuja mwenyewe jioni ile ile na daftari zake, hajarudi kwao, ingawa nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa miti tu. Jina la mama yake halitaji. Wanaosema mtoto atasahau, waseme. Mimi nampikia, nampeleka shule, na sijui nimwambie nini, maana nikimtetea mama yake anaziba masikio.

Adelaïde anakuja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, ameleta kikombe cha maziwa. Anabisha hodi. Gentille akisikia sauti ile anageukia ukutani, anajifunika blanketi hadi kichwani. Mama yake haingii. Anasimama nje mlangoni na kikombe chake kwa muda, halafu ananipa mimi, na swali lake ni moja tu.

"Jana alikula?"

"Alikula," ninamwambia. "Sahani yote."

Anaitikia kwa kichwa, anachukua jembe, anakwenda.